Mkono Juu ya Injili

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika mji mmoja wa milimani huko Uhabeshi, aliishi mfumaji mcha Mungu aitwaye Habte, pamoja na mkewe Amata na binti yao Hiruti. Walihamia mji ule baada ya tauni, Amata akiwa na mtoto mgongoni, wala hakuna aliyewauliza neno. Kumbe Hiruti alikuwa yatima wa jirani zao wa zamani, waliokufa mume na mke katika wiki moja. Amata alikusudia kumweleza akipata akili. Alipopata akili, akasema atamweleza mwakani. Mwakani ikawa miaka kumi na miwili. Waja wema nao hukosea, nami sioni haya kulisema.

Ikafika siku ya Habte, akafariki. Nduguye Zamikaeli akaja matangani, na badala ya kulia akawa anazipima kuta kwa macho. Alikuwa amesikia minong'ono juu ya yule binti. Na desturi ya mji ilikuwa hivi: mwenye nyumba akifa, mtu asiye mtoto wa wenye nyumba hutolewa humo kabla jua la siku ya arobaini halijatua. Zamikaeli akadai Hiruti atolewe, na akasema msafara wa chumvi ulikwisha kukubali kumchukua akatumike huko bondeni.

Asubuhi ya arobaini, jirani mmoja alimvuta Amata kando akamwambia kwamba shemeji yake hakuwa na shahidi hata mmoja. Aseme tu kwamba alimzaa, na mtoto atapona. Na Mwenyezi Mungu, akasema jirani, ni mwingi wa rehema. Amata alimshukuru, akajitanda shuka yake, akamshika binti mkono wakaenda kanisani, alikoitwa kuapishwa. Njia nzima Hiruti alizidi kuogopa.

Kasisi wao, Abba Matiasi, alikuwa ameiweka Injili mezani. Anayeapishwa huweka mkono juu yake, hujibu alichoulizwa, wala haongezi neno, kwa kuwa wazee walisema uongo hupenyea katika maneno ya ziada. Wenye haki ya kuuliza ni wawili tu: mwenye kudai na yule anayedaiwa atolewe. Zamikaeli akataka watu wote wasikie na wakubali kwamba litakalosemwa juu ya Kitabu ndilo la mwisho. Wakakubali.

Amata akaweka mkono.

Zamikaeli akauliza, "Mtoto huyu ulimzaa wewe?"

Nje walisikika nyumbu wa msafara wakifungwa mizigo. Amata alimtazama binti yake, kisha akaitazama Injili, na machozi yakamdondoka.

"Sikumzaa," akasema.

Desturi haikumruhusu kuongeza. Laiti angeruhusiwa! Hiruti akatoa mkono wake katika shuka ya Amata, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Zamikaeli akawapa ishara watu wa msafara.

Ndipo Abba Matiasi akasema taratibu, "Binti, nawe una haki ya kuuliza."

Hiruti akasimama kizingitini. Swali alilokuwa nalo ndilo alilolikwepa tangu siku aliyosikia watoto wenzake wakinong'ona kisimani. Akaanza na neno Mama, kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kumwita.

"Mama, mimi ni mtoto wa nani?"

Na mkono wa Amata, ambao haukuwa umeondoka pale ulipokuwa, ukakikandamiza Kitabu.

"Wangu," akajibu. "Wangu na wa Habte."

Zamikaeli akalalamika kwamba mwanamke huyu amekwisha kukiri. Abba Matiasi akamjibu kwamba desturi haiulizi nani alizaa, inauliza mtoto ni wa nani. Na kwamba Zamikaeli mwenyewe ndiye aliyetaka neno la juu ya Kitabu liwe la mwisho. Msafara ukaondoka bila Hiruti.

Wanasema watu walipokuwa wakitoka, Amata alikuwa bado ameweka mkono juu ya Injili. Kasisi alipomwambia kwamba yamekwisha, alisema anangoja, huenda mtoto ana swali jingine.

Enyi watoto mliopokelewa, Yusufu wa Nazareti naye hakumzaa Mwokozi wetu, na alimlea akamfundisha kazi ya mikono yake. Sisi sote tunaomwita Mungu Baba tumeingia nyumbani mwake kwa kupokelewa. Hakuna aliyeingia kwa njia nyingine. Basi siku moyo utakapokunong'oneza kwamba wewe si wa nyumba hii, usikimbilie mlangoni. Geuka, uulize.