Kampasi Moja, Miji Mitatu

Hapo zamani, si zile za mazimwi bali hizi za juzijuzi tu, Chuo Kikuu cha umma kilitangaza kwamba kitafungua kampasi tatu mikoani, kila moja na skuli yake ya udaktari. Aliyetumwa kupeleka habari ni Dokta Namsifu, mzaliwa wa Itumbika, milimani. Alikwenda Lukwale, akasema, "Tayarisheni mahali, Chuo kinakuja." Akaenda Kisarika, akasema, "Tayarisheni mahali, Chuo kinakuja." Akaenda kwao Itumbika, akasema vilevile, na mama zake wakampigia vigelegele.

Kisha walimu wa udaktari wakatafutwa, wakakosekana. Waliopatikana walitosha skuli moja tu. Makamu Mkuu wa Chuo akamwita Namsifu.

"Wewe ndiwe uliyewaahidi. Rudi ukawasikilize, kisha uliambie Baraza la Chuo ni mji gani. Mingine isubiri."

"Isubiri hadi lini, Profesa?"

Profesa akainuka, akamfungulia mlango.

Namsifu akarudi Lukwale. Mzee Chilewa akampeleka kwenye uwanja mpana uliosawazishwa.

"Hapa walilala wazee wetu, mwanangu. Tulisikia neno lako, tukawafukua kwa mikono yetu, tukawahamishia ng'ambo ya mto. Mama yangu nilimbeba mwenyewe. Chuo kisipokuja, nitamwambia nini?"



Akaenda Kisarika. Huko alikuta madarasa yamekwisha simama, mabati yanang'aa. Mwalimu Hamduni alimpokea akichechemea kwa gongo. Ukuta wa kwanza ulimwangukia, na mguu haukupona.

"Leteni walimu leo, kesho wanafunzi wanasoma," alisema. "Au mnataka wagonjwa wangoje mpaka kwingine kujengwe?"

Akaenda Itumbika. Kule hapakuwa na uwanja wala ukuta, majani matupu. Bi Tusekile, mkunga aliyempokea Namsifu alipozaliwa, alikuwa amekaa matangani. Mkwewe alifia njiani akiteremshwa kwa machela, na mtoto tumboni.

"Hatukujenga kitu, mwanangu," alisema. "Wanaume wetu wanabeba wagonjwa, wanarudi na maiti. Wenzetu wana barabara, gari la hospitali huwafikia. Sisi daktari asipoishi hapahapa, hatuna daktari." Akamshika mkono. "Na sikuambii haya kwa kuwa wewe ni wetu."

Hilo hasa ndilo lililomnyima Namsifu usingizi. Akiitaja Itumbika, watasema amependelea kwao. Asipoitaja kwa kuogopa midomo ya watu, si atakuwa amewauza wenziwe ili kulinda jina lake? Na wale wa Lukwale na Kisarika, nani aliyewatia mori wa kufukua na kujenga, kama si yeye?

Siku ya Baraza ikafika. Nje ya mlango Chilewa, Hamduni na Tusekile walikaa benchi moja, hawasemezani. Ndani, mwenyekiti akasema, "Haya Dokta, tutajie."

Namsifu akasimama. Akataja mji. Mlango ulipofunguliwa na habari kutolewa, wawili waliinuka wakaondoka bila kuaga, na yule wa tatu hakuthubutu kushangilia.

Mji wenyewe mimi siwatajii. Semeni ninyi mliosikia: aliyehamisha wafu wake, aliyejenga hata akalemaa, na aliyekuwa bado anazika. Je, nani alistahili?