Bima ya Maji Jangwani

Mwomba mvua kubwa hukaa kilimani.

Mmeisikia leo barazani, yule mama alipomjibu mkandarasi anayetaka kulipua mawe karibu na nyumba zetu huku watoto wake mwenyewe wakilala salama mjini. Mlicheka kwa sababu watu wazima walicheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Mmefanya vizuri, kwani asiyeuliza hubeba maneno ya wenzake kama punda abebavyo chumvi asiyoila. Methali hii si ya mababu zetu. Ilianza juzijuzi tu, hapa hapa Dakadima, na ilianza na nyumba ya mwanamke mmoja.

Mwanamke huyo aliitwa Darmi Isako. Alikuwa mjane, akiuza chai na maziwa ya ngamia pale yanaposimama malori ya kwenda mpakani. Mnajua kwamba kwetu mume ana ngamia na mke ana nyumba. Lakini nyumba hiyo ni ya fito na mikeka. Mkihama unaifungua, unaifunga juu ya ngamia, unaondoka nayo. Darmi alichoka kufungua na kufunga. Mama yake, Bokayo, alikuwa amekwisha pofuka, na kila walipohama ilimbidi bibi yule aanze upya kujifunza mlango uko wapi na moto uko wapi. Darmi alitaka nyumba ya mawe isiyohama, ambayo mama yake angezijua kuta zake kwa mikono mpaka siku ya kufa kwake.

Aliijenga polepole, kama wanavyojenga maskini. Mwaka mmoja msingi, mwaka mwingine ukuta, kisha akalala muda mrefu chini ya turubai akisubiri kupata mabati. Kiwanja alichogawiwa kilikuwa bondeni, kando ya laga, ule mkondo mkavu ambamo mbuzi huota jua. Kilimani hakukuwa na nafasi, au ndivyo alivyoambiwa. Kilimani walikaa wenye mji: wazee wa kisima, mwalimu mkuu na wenye maduka. Bondeni walikaa wajane na watu waliohamia baada ya mifugo yao kufa.

Wakati wa kuchimba msingi fundi alitoa mchanga laini, mawe ya mviringo na makombe ya konokono wa majini. Akamwambia Darmi waziwazi kwamba maji yaliwahi kupita hapo. Darmi akamuuliza yalipita lini. Fundi akajibu kuwa konokono hawaandiki tarehe, akaendelea kuchimba. Darmi hakuwa na kiwanja kingine, kwa hiyo alijenga papo hapo, ila maneno yale hayakumtoka.

Basi ukaja mwaka wa ukame mkali, ambao pia ulikuwa mwaka wa upepo mbaya. Upepo uling'oa mabati ya nyumba nyingi, bati moja likamkata ngamia aliyekuwa akinyonyesha. Ndipo akaja kwa lori wakala wa bima, kijana mmoja kutoka mjini aliyeitwa Musembi. Aliwakusanya watu shuleni akawaeleza bila kuficha. Kila mwenye nyumba angekatiwa bima ya moto. Zaidi ya hapo angeweza kuongeza ya upepo au ya mafuriko, na kila moja ililipiwa peke yake. Alipotaja mafuriko watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tulikuwa tukinunua maji ya kunywa kwa mitungi, na huyu anatuuzia kinga ya maji! Mzee mmoja alimuuliza kama kampuni yake ina bima ya theluji pia.

Walioweza walichagua upepo. Darmi naye uwezo wake ulimtosha kuongeza moja tu, akakaa akafikiri. Upepo ungemnyang'anya mabati, na mabati hununuliwa tena, moja moja. Maji yangechukua ukuta, na ukuta ndio uliokuwa macho ya mama yake. Akaenda kwa Musembi akachagua mafuriko. Kabla chai ya jioni haijachemka mji mzima ulikuwa na habari.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na nyinyi mliozaliwa juzi huenda msilione. Ukame ukizidi, wazee huita dua ya mvua kule juu kilimani. Mzee mmoja hutamka maombi na watu wote huitikia "Na iwe." Kila nyumba lazima ipeleke sauti yake. Waliamini, na wengine bado wanaamini, kwamba ikiwa katika kundi lile kuna moyo mmoja unaoikataa mvua, dua hutoboka kama kiriba, na mvua ikaenda kuvuja kwa watu wengine. Sasa huyu Darmi alikuwa amekwenda mbele ya mgeni, akalipa fedha na kutia sahihi dhidi ya maji. Ikasemwa kwamba amekwisha iambia mvua hapana.

Hakuna aliyemtukana. Wanawake kisimani walisogeza tu mitungi yao isigusane na wake. Madereva walipewa habari na vijana wa mji, na chai yake ikapoa sufuriani. Bokayo alimuuliza kwa nini siku hizi hakuna anayewasalimia wakipita. Darmi akamwambia ni vumbi, watu wanafunika nyuso.

Kisha akaitwa na Mzee Sori Guyo. Huyu ndiye aliyegawa zamu za kisima, na ndiye aliyeongoza dua. Watu husema hakuwa mtu mbaya. Labda. Watu wabaya wengi hawajijui. Alimkaribisha Darmi kwenye kivuli cha nyumba yake kubwa kilimani, akampa maziwa, akangoja mpaka ameyanywa.

"Binti yangu," akasema, "tunasikia umeilipia mvua isije."

"Sikuilipia isije, mzee. Nimelipia ili ikija isiniache bila nyumba."

"Tangu nizaliwe sijaona laga ile ikifika kwenye viwanja vyenu. Na mvua ni baraka. Mtu hajikingi na baraka."

"Na upepo, mzee, ni wa nani? Mbona upepo mmejikinga nao?"

Sori alikipokea kikombe kitupu. Alisema kwa upole kwamba yeye hamlazimishi mtu, nyumba ni ya mwanamke na uamuzi ni wake. Tatizo ni watu. Watu wanamuuliza ni haki gani mtu anayeikataa mvua apewe zamu ya kuteka maji, na yeye majibu yamemwishia.

Darmi alielewa. Bila zamu ya kisima hakuna chai, hakuna maziwa, na mama yake angekufa kwa kiu kabla ya kuyaona hayo mafuriko. Hasira ilimpanda, akajifunga mtandio akaondoka. Lakini hasira haijazi mtungi. Asubuhi alimfuata Musembi, aliyekuwa bado hapa akimalizia hati za watu, kabla lori halijaondoka, akamtaka abadilishe.

Musembi alimtazama, akaitazama nyumba yake kule chini. "Mama, ningekuwa na nyumba pale ningechagua maji kama ulivyochagua wewe. Una hakika?"

"Andika upepo," Darmi akasema.

Siku ya dua alipanda kilimani akimshika mama yake mkono. Watu walimpisha vizuri, tena kwa tabasamu. Mtu akishakubali kuumia kwa ajili yao, watu humpenda sana. Mzee Sori aliinua fimbo yake. Aliomba mvua ije, wakaitikia. Aliomba ijaze visima, wakaitikia. Aliomba iwe kubwa, ijaze malaga mpaka kingoni, na Darmi akaitikia "Na iwe" pamoja na wenzake. Sauti yake ilisikika wazi, maana wote walikuwa wakiisikiliza.

Mvua ilikuja. Kwanza haikunyesha Dakadima hata tone. Ilinyesha kule mbali milimani, ambako sisi tuliona weusi tu ukingoni mwa mbingu. Hapa jua lilikuwa linawaka. Alasiri ukavuma upepo ukang'oa mabati machache kilimani, yakiwamo ya Mzee Sori, kisha ukatulia. Bokayo alikuwa ameketi mlangoni. Akamwita binti yake.

"Darmi, kuna kitu kinatembea."

Darmi alidhani ni lori. Akatoka kutazama barabarani, hakuona vumbi la lori. Alipogeuka upande wa laga aliona mbuzi wakikimbia, na nyuma yao ukuta wa maji mekundu uliobeba miti mizima na mizizi yake. Hakuchukua kitu. Alimbeba mama yake mgongoni akapanda mlima kwa mikono na magoti. Alipofika nusu ya njia aligeuka, akayaona maji yakiingia mlangoni kwake kama mwenye nyumba aliyerudi safari, halafu ukuta wa nyuma ukainama.

Kule juu watu walikuwa wametoka wote. Laga imeshuka! Visima vitajaa, malisho yataota. Wanawake wakapiga vigelegele. Hawakuwa wakimcheka Darmi, wala sidhani kama walikuwa wakimtazama. Walikuwa wakiishangilia mvua. Lakini ukuta wake ulianguka vigelegele vikiwa bado vinaendelea, na mama yake, aliyekuwa mgongoni na haoni kitu, akamuuliza nani anaolewa.

Darmi akageuka, akaendelea kupanda.

Nyumba zote za ukingo wa laga zilikwenda. Hakufa mtu, na jambo hilo likasemwa sana kilimani, kana kwamba lilimaliza mazungumzo. Waliokuja kumpa pole walimletea methali. Maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya dhiki faraja. Wote waliozisema walikwenda kulala chini ya dari zao.

Musembi alirudi maji yalipopungua. Kilimani alipima mapaa yaliyong'olewa, na haukupita muda Mzee Sori akapata mabati mapya ya rangi ya kijani, ya kwanza ya aina hiyo hapa mjini. Bondeni alisimama kwenye mchanga mtupu na utepe wake wa kupimia, hakuona pa kuushika. Alimwambia Darmi kwamba bima yake ni ya upepo na moto, na hapa palipita maji. Alisema akitazama chini. Darmi akamwambia asijisumbue, anajua.

Jirani mmoja alipata wazo. Si upepo ulivuma kwanza siku ile? Mtu mwenye heshima akishuhudia kuwa aliona mabati ya Darmi yakiruka kabla ya maji, angalau ya mabati angelipwa. Wakamwendea Mzee Sori, kwa sababu kutoka kwake bonde lote huonekana. Sori akasikitika sana. Akasema yeye ndiye anayeomba kwa niaba ya mji, na mdomo unaoomba hausemi uongo. Tazameni basi jinsi ukweli ulivyopata mlinzi siku hiyo.

Baada ya hapo Darmi alipanda mwenyewe. Alimkuta Sori ameketi nje na wazee wenzake, fundi akiwa juu anapigilia bati la mwisho. Darmi hakulia wala hakulaumu. Alikuja na ombi moja.

"Mzee, nipe kiwanja huku juu. Kidogo tu, cha kumtosha mama yangu."

Sori akamweleza kwamba kilima kiligawanywa na baba zao, na kila jiwe lina mwenyewe. "Jenga pale pale," akasema. "Maji yamekwisha pita."

"Na msimu ujao mtaomba tena?"

"Tutaomba. Bila mvua hatuna mji."

"Basi ombeni kidogo. Ya kujaza visima, isifike mlangoni kwetu."

Wazee wakatabasamu. Sori akatikisa kichwa kama mtu anayemfundisha mtoto. "Binti yangu, Mungu haombwi kwa kibaba. Tutaomba mvua kubwa."

Darmi alinyanyua macho akalitazama lile paa la kijani, kisha akamtazama mzee.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Mwomba mvua kubwa hukaa kilimani."

Akashuka. Nyundo ya fundi ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo kila aliyekuwapo aliyasikia maneno hayo, na jioni bonde zima lilikuwa likiyasema. Aliazima ngamia kwa kaka yake, akafunga fito na mikeka, akampandisha mama yake juu ya mzigo, wakafuata barabara ya mpakani. Hawakurudi. Nasikia Bokayo alifia njiani, katika nyumba ya mikeka, akipapasa kutafuta ukuta.

Bondeni watu wamejenga tena. Mmeziona nyumba hizo. Wengine wenu mmelala humo jana. Hazikujengwa kwa ujinga, watu hawana pengine. Lakini mtu akikuambia jambo fulani ni baraka, uliache lije wala usijikinge nalo, usipoteze muda kuutazama uso wake kama ni mpole. Muulize analala wapi. Yule mama barazani leo hakuwa akimtukana mkandarasi. Alikuwa akimwonyesha nyumba yake yeye mkandarasi, kule mjini.

Mwomba mvua kubwa hukaa kilimani.