Sakafu ya Bondeni

Wahenga waliposema kwamba sikio la kufa halisikii dawa, hawakuwa wakimsema mlevi na mpumbavu peke yao. Sikio la namna hiyo huweza kuwa la mtu mwenye akili timamu, mcha Mungu, mchapakazi, ampendaye mwanawe kuliko nafsi yake. Sikio la Kefa wa Igamba lilikuwa hivyo, na ndiyo maana habari yake inauma.

Kefa alirudi kutoka migodi ya shaba ya Kitwe akiwa na sanduku la bati, baiskeli na maarifa ya zege. Kwa miaka sita alikuwa kibarua wa kuchanganya saruji, kokoto na mchanga kwa koleo, na tangu arudi hakuacha kulisifu zege mbele ya yeyote aliyekubali kusimama. Akipita penye nyumba ya miti na udongo, aliitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ee mukwai," alizoea kusema, yaani ndiyo bwana, kwa Kibemba alichokuja nacho, "zege ni jiwe unaloliumba mwenyewe."

Mkewe Yunisi alimsikiliza na kutabasamu. Yeye alikuwa mfinyanzi, binti wa mfinyanzi, na vyungu vyake vilitafutwa hadi Itaka. Kuumba hakukuwa jambo geni kwake.

Walikuwa wamezaa watoto watano na kuzika wanne. Aliyebaki ni Nesta, binti wa miaka minane, mcheshi, aliyeimba nyimbo za kanisani kwa maneno ya kujitungia. Adui yake alikuwa funza. Sakafu ya vumbi ya nyumba yao ilikuwa makao ya wadudu hao, na kila jioni Yunisi alikaa na mwiba akimchokoa mwanawe vidole, mtoto akilia, mama naye machozi yakimlengalenga. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimepoteza kucha. Siku moja Kefa alimkuta Nesta njiani, akitambaa kwa magoti kwenda kanisani, wenzake wamekwisha kumwacha mbali. Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani.

"Mwanangu atakanyaga simenti," alisema. "Naapa mbele za Mungu."

Hakuna aliyeweza kukicheka kiapo kile. Ukaja mwaka ambao kahawa ilipanda bei kuliko miaka yote iliyotangulia, na lori likaleta mifuko ya saruji na bati kutoka Mbeya. Likabaki swali moja tu, nalo ni mahali pa kujenga.

Shamba la Kefa lilikuwa mwinukoni, kwenye udongo mwekundu, na mikahawa ilikuwa imelijaza hadi mpakani. Chini yake palikuwa na bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa mvua udongo ule uling'ang'ania jembe usiachie. Wakati wa kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Wazee hawakupata kujenga pale. Wanawake walishuka kuchimba udongo wa vyungu, wakajitwisha, wakapanda. Kefa aliutazama mwinuko akaona kwamba kujenga huko ni kung'oa mikahawa arobaini iliyoanza kuzaa. Akalitazama bonde, akaona uwanja mtupu unaomngoja.

"Mikahawa ndiyo iliyotupa simenti," alisema. "Nani anamchinja ng'ombe anayemkamua?"

"Baba Nesta, udongo ule naujua," Yunisi alimwambia. "Unakunywa maji unavimba, jua likiwaka unanywea. Hautulii. Mimi mwenyewe siufinyangi mpaka niuchanganye na vigae vilivyopondwa, la sivyo chungu hupasuka hata kabla hakijaona moto."

"Wewe unasema habari za vyungu, mama. Chungu ni udongo. Zege ni jiwe."

Yunisi aliinuka. Alichukua chungu cha zamani, akakishindilia udongo mkavu wa bondeni mpaka mdomoni, akamwagia maji na kukiweka karibu na mlango. Asubuhi ya pili chungu kilikuwa vipande viwili, na udongo umetuna katikati kama unga ulioumuka. Kefa aliviokota vipande vile, akavigeuza mkononi. Kisha akacheka.

"Kilikuwa kikuukuu," alisema.

Akaitwa Barnaba, fundi mwashi aliyejifunza kazi yake Mbozi Misheni. Barnaba alizunguka uwanja, akavunja donge la udongo kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, nikujengee juu," alisema. "Kama ni lazima iwe hapa, tuchimbe udongo huu wote mpaka tufike kwenye changarawe. Tujaze mawe, tushindilie, tuache mvua za mwaka mzima zipite juu yake. Ndipo tumwage zege."

"Mwaka mzima! Na miguu ya mtoto?"

"Miguu itavumilia, ndugu yangu. Udongo hauna haraka."

"Wewe huna mtoto anayetambaa njiani," Kefa alisema. Barnaba aliinama, akaokota pimamaji yake na kwenda zake. Kefa akajenga kwa mikono yake mwenyewe.

Ilikuwa Agosti, na ardhi ilikuwa imefumbua midomo. Alichimba msingi wa kina cha dhiraa moja, kisha akamwaga zege la sakafu juu ya nyufa zile zile. Nyufa zililimeza, naye akafurahi. "Linaota mizizi," alimwambia mkewe. Juu yake akapandisha kuta za matofali ya kuchoma, akaweka madirisha yenye nondo kama aliyoyaona Kitwe, akaezeka bati.

Siku walipohamia, Nesta alivua kitambaa alichofungwa miguuni akacheza ngoma peke yake katika chumba kitupu. Yunisi naye alikanyaga sakafu ile laini, ya baridi, isiyo na chembe ya vumbi, na lazima isemwe kweli, siku hiyo alisahau habari za chungu. Alifurahi mpaka akaona haya. Kabla ya miezi miwili kwisha miguu ya mtoto ilikuwa imepona, na akawa anakwenda kanisani akikimbia mbele ya wazazi wake.

"Haya, niambie tena habari za udongo," Kefa alimtania mkewe.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba. Kwanza mlango ulibana, Kefa akaupiga randa. Ukabana tena, akaupiga tena. Kisha ukatokea ufa juu ya kona ya dirisha, mwembamba kama uzi. Baada ya Krismasi uliingia kidole. Kefa aliuziba kwa saruji, na alipouziba alisema kwa sauti, wote wasikie, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali ni nzuri, lakini hata methali haimfai mtu anayeitumia kujizibia masikio. Aliziba mara tano pale pale, na hakuuliza hata siku moja ufa ule unatoka wapi.

Kufika Februari sakafu ilikuwa imeinuka upande mmoja. Nesta aliweka gunzi karibu na ukuta akaliachia, nalo likaviringika lenyewe mpaka upande wa pili. Mtoto alicheka sana. Mama yake hakucheka.

"Baba Nesta, nyumba inatembea," alisema. "Turudi kule juu kwenye nyumba ya zamani, mvua zikatike kwanza. Nakusihi."

"Nimrudishe mtoto kwenye funza?"

 Jibu la swali hilo Yunisi alilitafuta baadaye, miaka mingi, wala hakulipata.

Jumamosi moja ya Machi, baada ya siku kumi za mvua isiyokatika, Yunisi alikuwa akichuma mboga alipomsikia mumewe akimwita Nesta kwa kicheko. Alishuka akamkuta anausukuma mlango kwa bega. Mlango ulikuwa umekaza na mtoto yuko ndani. Juu ya kizingiti, ukuta ulikuwa umefanya tumbo. Yunisi aliuona, akaitupa mboga.

"Mama, mimi nipo tu," Nesta alisema kutoka ndani. "Huku ni kukavu."

Kefa alikwenda akarudi na nyundo ya kupasulia mawe.

"Usipige!" Yunisi alimshika mkono. "Ukuta umechoka! Panda ung'oe bati, tumtoe kwa juu. Baba Nesta, kwa jina la Yesu, usipige!"

"Nibomoe paa kwa ajili ya mlango uliobana? Niache, mwanamke. Nesta! Ondoka mlangoni, kaa pembeni kabisa."

Mtoto alikuwa msikivu. Alisogea kwenye kona chini ya dirisha, mahali ambapo baba yake alikuwa ameziba ufa mara tano. Kefa alipiga mara moja, akapiga mara mbili. Kwa pigo la tatu mlango ulifunguka, na ukuta wa kona ukaangukia ndani wote kwa pamoja, bila kelele nyingi, kama gunia linaloshushwa.

Majirani waliondoa matofali mpaka adhuhuri. Yunisi ndiye aliyemwosha mwanawe. Alipofika miguuni alisimama. Ilikuwa miguu safi, myororo, isiyo na tundu hata moja la funza, na kucha mpya mbili zilikuwa zimeanza kuota. Hapo ndipo alipopiga yowe ambalo hakuwa amelipiga alipozika wale wanne.

Wanaume walitaka kuchimba kaburi bondeni, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Walichimba kidogo tu, maji meusi yakajaa.

"Mwanangu halali ndani ya maji," Yunisi alisema. Hakumtazama mumewe. "Atalala juu."

Safari hii Kefa alisikia. Alichukua shoka na jembe, akapanda mwinukoni, akaanza kung'oa mikahawa. Iliyokuwa imezuia kaburi ni minne, lakini alipomaliza minne hakuacha. Aling'oa mstari wa kwanza, akaingia wa pili, huku matunda mabichi yakimwagika miguuni pake na watu wakiogopa kumkaribia. Alipofika mti wa arobaini aliketi juu ya ule udongo mwekundu, mahali pakavu, pagumu, pa kutosha nyumba nzima na ua wake.

Barnaba, aliyekuja kuzika, alimsogelea Yunisi akamnong'oneza amwendee mumewe, amwambie lolote la kumtuliza. Yunisi alitikisa kichwa.

"Nilimwambia yote mapema, ndugu yangu, wakati maneno yalikuwa na kazi," alisema. "Sasa anasikia, na mimi sina la kumwambia. Sikio la kufa halisikii dawa; likija kusikia, dawa imekwisha."