Shingo Tupu ya Kuku wa Kishingo

Enzi hizo hapakuwa na kuku mwenye shingo tupu. Wote walivaa manyoya kuanzia kichwani hadi mapajani, walilala mitini, na mchana walichakura popote miguu ilipowapeleka. Wakichokozana, mnyonge alipiga hatua tano akaenda zake, na ugomvi ukaishia hapo.

Katika kijiji kimoja cha Unyamwezi aliishi mjane aitwaye Nyamizi. Alikuwa na kuku kumi na wawili, wote uzao wa kuku jike mmoja, koo mwekundu aliyepewa na marehemu mama yake siku alipoolewa. Alimpenda koo huyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kicheche alipokula kuku wawili ndani ya wiki moja, hofu ilimwingia, akaamua kujenga banda.

Uvivu hakuwa nao. Haraka ndiyo aliyokuwa nayo, na haraka haraka haina baraka. Jioni, kuku walipokwisha kupanda mtini, alikata ufito akapima tawi walilolalia. Walikuwa wamejikunyata bega kwa bega, vichwa vimefichwa mabawani. Akaona kumbe kuku ni kitu kidogo tu. Akajenga banda kwa kipimo hichohicho, akawafungia humo usiku na mchana.

Kicheche hakuwapata tena. Lakini siku ya tatu kuku walianza kudonoana, maana kila aliyekunjua bawa alimpiga mwenziwe usoni, na aliyepigwa hakuwa na pa kwenda. Hasira zote zikamwishia koo mwekundu, aliyekuwa mzee na mzito wa kuinuka. Siku ya saba Nyamizi alimkuta amelala pembeni, shingo inavuja damu, haina hata unyoya mmoja. Alilia kwa uchungu, akawatukana wale wengine kuwa wana roho mbaya.

Mama mkwe wake, Bi Kalunde, alifika akalitazama banda kwanza.

"Usiwatukane, mwanangu. Ulilipimaje hili?"

"Kwa wao wenyewe, mama. Walipokuwa wamelala."

"Basi umeujengea usingizi. Kuku akiamka ana mabawa, ana kucha, na ana mambo yake. Mimi na wewe tukifungiwa jikoni wiki nzima, nani atatoka na nywele?"

Nyamizi alilibomoa banda siku hiyohiyo. Akampakata koo wake, akamkunjua mabawa taratibu, na kwa upana huo akampa kila kuku nafasi yake ndani. Nje akazungushia ua, hatua mbili kila upande kwa kila kuku. Koo akapona, lakini manyoya ya shingo hayakurudi, na vifaranga alioangua baadaye walitoka na shingo tupu kama yeye.

Na tangu siku hiyo kuku wa kishingo huzaliwa hivyo. Kijijini kwa Nyamizi, ajengaye banda huja na kuku mkononi mchana kweupe, akamkunjua mabawa ndipo achimbie nguzo. Akileta ubishi, hakuna anayejisumbua kumweleza; huletewa kishingo amtazame.