Kamera Iliyofuturu Mchana

Hapo zamani, na msikae mkao wa kungojea majini na masultani, maana zamani yenyewe ni ya juzi na umeme ulikuwepo, aliishi Muheza mzee mmoja akiitwa Semkiwa. Mzee Semkiwa alipenda kupiga picha. Alipiga wageni, alipiga kuku, alipiga mnazi ule ule kila mvua iliponyesha. Picha zote akazitia kwenye kompyuta, na kwa kuwa alijiona mtu wa mpangilio, akazigawa kwenye mafaili. La kwanza akaliita Mpya, la pili Mpya Mbili, la tatu Mpya Kabisa, la nne Usifute. Ndani ya Usifute mlikuwa na maua mia nne ya "habari za asubuhi" aliyotumiwa na watu kwa simu.

Kamera yake nayo ilikuwa na tabia. Betri zikiisha, tarehe inarudi mwanzo, tarehe mosi Januari ya mwaka ilipotoka kiwandani. Mzee akitia betri mpya alitega saa, basi. Tarehe, alisema, ipo ukutani kwenye kalenda, ya nini kuiandika mara mbili? Kwa hesabu ya kamera ile, siku moja hiyo hiyo binti yake Mboni aliolewa, bibi yake Mboni akazikwa, mdogo wake Mboni akatahiriwa na mbuzi wa Idi akachinjwa. Familia yenye bidii kweli.

Mzee akafa. Alifia kitini baada ya adhuhuri, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amenuniana na mkewe, Bi Mwantumu. Sababu ni kanga. Bi Mwantumu alivaa kanga mpya, ndiyo kwanza imetoka kupindwa, imeandikwa SEMA USICHOKE, MIMI NIMEZOEA. Mzee akaisoma mara mbili, akajiona ndiye aliyetajwa. Bi Mwantumu akaapa kwamba alipenda rangi tu. Kina mama mnaonisikiliza, nyinyi mnajua kama ni rangi.

Msiba ukamchanganya mjane. Siku ile yote ikamtoka kichwani, ikabaki ile minuno peke yake. Hakukumbuka kama walipatana kabla mume hajafa, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Akiwa edani, akawaita wanawe watatu.

"Zipangeni picha za baba yenu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho," akasema. "Nataka kujua aliniachaje. Atakayenijulisha, kamera ni yake."

Kamera yenyewe mfuniko wa betri umefungwa kwa raba, kioo kina ufa. Lakini kitufe chake kilikuwa kimeng'aa kwa kidole cha baba yao, na wote watatu waliitaka.

Akaanza Hoza, mkubwa, mtu wa ofisini Dar es Salaam, ambaye hata akiomba chumvi huomba kama anaongoza kikao. Kadi ya kamera ilikuwa imekufa. Fundi wa stendi alishaitazama akaitangaza maiti. Hoza akakaa nayo wiki nzima, akala likizo yake yote, hadi ikatema picha. Mojawapo ilimwonyesha Mzee na Bi Mwantumu sebuleni, kamera imetegwa ijipige yenyewe, mapazia yamefungwa, Mzee amejitanda kanga kichwani kama mwari, wote wawili wanacheka mpaka mafizi nje. Tarehe: mosi Januari. Saa: 4:15. Hoza akaiamuru mashine ipange, mashine ikapanga, ikaitia picha ile katikati ya harusi ya Mboni.

Mboni akaangua kicheko. Mboni hasomi tarehe, anasoma nguo. Kitenge cha zambarau ni sare ya harusi yake, cha kijani ni sare ya hitima ya bibi, na lile gauni la mikono ya puto ni la mwaka ambao fundi wa mtaani alijua mshono mmoja tu. Akafungua sanduku la mama yake, akalinganisha kanga kwa kanga, picha kwa picha. Zaidi ya elfu moja akazirudisha kwenye miaka yake. Alipofika kwenye ile ya vicheko akasimama.

"Kanga hii mama aliivaa siku moja tu," akasema. "Asubuhi aliivaa, jioni akaingia eda kwa nguo nyeupe. Hii ni picha ya siku aliyokufa baba."

Lakini siku hiyo ilikuwa na picha nyingine. Mboni mwenyewe aliipiga kwa simu alipopita kuwajulia hali, wazee wamepeana migongo. Akaitupa kwenye kundi la familia wacheke, kisha akaenda zake kwake. Simu iliandika 9:40, yaani saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kamera iliandika 4:15, na mashine ikasoma saa kumi na robo alfajiri. Kwa hiyo walicheka alfajiri, wakanuniana asubuhi, akafa mchana. Hoza akasema mashine haikosei, na Mboni akakubali.

Wakazionyesha kwenye televisheni. Bi Mwantumu akamtazama mumewe akizeeka picha baada ya picha, mvi moja moja, mpaka ya mwisho. Migongo.

"Basi aliondoka amenuna," akasema, akaomba wazime. Siku tatu hakula kitu cha maana. Wanawe wasomi wakamliwaza kwa kumweleza jinsi mashine inavyopanga.

Na Sufiani, kitinda mimba? Sufiani mchango wake mpaka hapo ulikuwa kula mihogo na kuuliza wamefika wapi. Siku ya tatu alikuwa amejilaza mkekani, anatazama picha za Ramadhani, akaita.

"Kaka Hoza, hivi baba alikuwa anafuturu saa sita na nusu mchana?"

Wakaja kutazama. Mwaka baada ya mwaka, futari zote, 12:35. Hata sheikh wa msikiti yumo, tambi mdomoni. Ama ukoo mzima pamoja na sheikh wake walikuwa wanakula mchana kweupe na kujipiga picha za ushahidi, ama ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, magharibi. Mzee alitega kamera kwa saa anazozisema. Saa mbili asubuhi aliandika mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kamera huhesabu kizungu.

Basi ile 4:15 ilikuwa saa nne na robo asubuhi, dakika thelathini na tano baada ya migongo.

Wakaihamisha picha ikawa ya mwisho. Bi Mwantumu akaitazama muda mrefu. "Kumbe alinijia," akasema, "tena amejitanda kanga yangu." Akalia sana, na siku hiyo akaomba chakula mwenyewe.

Mnadhani wanawe walikaa wakamshukuru Mungu? Walianza kudai kamera mama hajanawa mikono.

"Bila mimi picha isingekuwepo," Hoza akasema. "Mngebishania saa ya picha gani?"

"Bila mimi ingekuwa bado imekaa harusini kwangu," Mboni akasema. "Mwaka ule walicheka sana. Nani angeshangaa?"

"Nyinyi wawili mlimnyima mama kula siku tatu," Sufiani akasema. "Mimi ndiye niliyemrudishia mume."

"Wewe ulikuwa umelala," Mboni akamkata.

"Nilikuwa nimelala, nikaona. Nyinyi mlikuwa macho."

Bi Mwantumu kaipakata kamera, hajampa mtu. Na msiniambie waitumie kwa zamu, maana hao hata rimoti ya televisheni hawajawahi kuachiana. Haya, mahodari wa kuamua ya wenzenu: yuko aliyeifufua picha, yuko aliyeijua siku, yuko aliyeijua saa. Je, kamera ya marehemu ni haki ya nani?