Usubi na Jicho la Nambua

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Mto uendao mbio!
Na mtoni yupo nani?
— Mwizi!

Basi funikeni miundi yenu, mnisikilize. Nawe kule nyuma, acha kucheka. Hadithi hii haichekeshi.

Hapo kale palikuwa na kijiji kiitwacho Kwemalomo. Watu wake waliwashwa, wakajikuna, wakapofuka. Nambua, msukaji wa mikeka, alibakiwa na jicho moja, nalo likawa linafifia. Binti yake, Semeni, alikuwa mjamzito. Kila asubuhi Nambua aliomba, "Mola wangu, niachie hili moja tu, nimwone mjukuu."

Wanakijiji wakamlaumu nani? Mbu! Wakafukia madimbwi. Wakafukiza moshi. Wakahamia kando ya maporomoko, wakisema maji yaendayo mbio hayazai mdudu. Ole wao!

Mbu akalalamika, "Jamani, mimi ni mwizi, sikatai. Lakini mimi huja usiku, tena naimba. Macho yenu yanaibwa mchana kweupe!"

"Potelea mbali!" wakamfukuza. Na wenye macho wakapungua, wakapungua, wakapungua.

Siku moja, jua la utosi, Nambua alikuwa mtoni analoweka ukindu. Jicho lake sasa lilijua jua na kivuli tu. Mara akaumwa muundini. Hakusikia wimbo wowote. Kimya kingi kina mshindo, wenzangu. Akabana kwa kidole, akapapasa: kadudu kafupi, kanene, kenye kibyongo.

"Nani wewe?"

"Usubi."

"Kwenu wapi?"

"Hapa hapa. Wanangu wameng'ang'ania mawe kwenye maji ya mbio, wengine wamepanda mgongoni kwa kaa."

"Mbona unatuibia macho?"

"Mimi nataka damu tu, nipate kutaga. Ila nikitoka kwa jirani yako, naja na vijidudu vyake, nakuachia wewe. Hivyo ndivyo vilavyo macho." Kisha akalainisha sauti. "Mama, legeza kidole. Nitakurudishia jicho lako, umwone mjukuu."

Ninyi msingelegeza? Niambieni kweli! Nambua akalegeza. Usubi akaruka zake.

Nambua akarudi kijijini, akawaeleza watu.

"Umemwona?" wakamuuliza.

"Sikumwona. Nimemshika."

Wakacheka. Hata vipofu wakacheka, eti shahidi kipofu! Wakabaki na maji yao mazuri.

Nambua akamshika Semeni mkono, wakahamia mlimani, mbali na mto. Kila ndoo ya maji ikawa safari. Huko mtoto akazaliwa, na siku hiyo hiyo jicho likazimika kabisa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Nambua vilifika pamoja.

"Mpakate, mama," Semeni akasema. "Ana paji lako."

Nambua hakuanza na paji. Alianza na miguu. Akapapasa muundi wa kulia, akapapasa wa kushoto, akarudi tena wa kulia. Hapakuwa na kipele hata kimoja. Ndipo machozi yakamtoka.

"Mimi sitamwona," akasema. "Lakini yeye ataniona."

Hadithi yangu naiacha huko mlimani.
— Na sisi tuishike wapi?
Ishikeni kwa vidole. Na atakayeshuka mtoni, asiache miguu wazi.