Shimo la Vigae

Kigae huyeyusha mchanga. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo leo, alipomrudisha Kilua kwenye cherehani ingawa ameharibu gauni la bi harusi kwa mkasi. Mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka kwenye karakana ya vioo ya Mzee Semboja, na mimi nilikuwepo. Basi wekeni simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Kioo hutokana na mchanga mweupe, magadi na chokaa. Vyote huchanganywa, vikatiwa kwenye chungu kikubwa ndani ya tanuri, moto ukawaka mchana na usiku mpaka viwe uji. Kazi yangu ilikuwa kulinda vioo vya taa vikipoa. Kioo kikitoka motoni hupozwa polepole, siku nzima. Siku moja nikawa na pupa ya kwenda ngomani, nikavitoa mapema. Vikalia ta! ta! ta! vikapasuka vyote arobaini. Mzee Semboja akaniondoa tanurini, akanipa ufagio. Vigae, yaani vile vipande vya vioo, nikavizika shimoni nyuma ya karakana, maana kwetu ilikuwa mwiko kurudisha chunguni kitu kilichovunjika. Walisema kinaleta nuksi. Nililia wiki nzima, siwafichi.

Masika yakaja. Barabara ikakatika, kuni zikabaki za siku moja, na mchanga chunguni ulikuwa bado chengachenga. Moto ukizimika chungu kitapasuka, na chungu kipya hukaushwa miezi sita. Mafundi tisa wangerudi kulima mashamba ya watu.

Nikasogea na ufagio wangu mkononi. "Mzee, tutie vigae."

"Mkunde! Umetuvunjia, sasa unataka na kuturoga?"

"Shikamoo yangu uliipokea asubuhi, pokea na neno langu. Jana nilitupa kigae kimoja humo chunguni, kwa hasira tu. Nisamehe. Lakini hebu chungulia pale ukingoni."

Akachungulia. Kigae kilipoangukia, mchanga ulikuwa umeyeyuka. Kwingine kote, chenga tupu. Akawageukia mafundi.

"Fukueni shimo," akasema.

Tukaviosha vigae, tukavitia kwa koleo. Kigae kilishapita motoni, hakisumbuki kuyeyuka mara ya pili, na kikiyeyuka huuvuta mchanga uliokizunguka. Kuni za mwisho hazijaisha, uji ukang'aa chungu kizima. Mzee Semboja akaketi hapohapo kwenye majivu, akacheka huku machozi yakimtoka. Mimi nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu siku ile ya ngoma.

Kisha akaninyang'anya ufagio. "Leo nafagia mimi," akasema. "Wewe rudi tanurini. Na asiyejua ajue: kigae huyeyusha mchanga."

Haya, Kilua, futa macho, kuna gauni linakungoja. Na wenzako watakaokuja kujifunza kushona, nani atawaonyesha mkasi unapoteleza kama si wewe? Kigae huyeyusha mchanga.